Kidole Ambacho Hakikuvimba

4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Salamu kutoka kwenye kiti cha kinyozi. Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha watu wa umri wetu, maana yake tunaamka. Paa la jikoni limezibwa. Yule mteja wangu mwalimu, mwenye kipara, bado anakuja kila Jumamosi kunyolewa nywele ambazo hana, nami namnyoa, kwa sababu anachofuata ni mazungumzo. Bado nakuita Chiriku ingawa tangu utotoni hujawahi kusema maneno matatu kwa mfululizo. Jina likishakaa limekaa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii ni moja, na inakaa mezani kwa mama yako, kati ya mkasi na pasi. Vidole vyake vina baridi yabisi, masikio yake hayana.

Sasa hilo ndilo jambo lenyewe. Mikono ya dada yangu imeharibika kuliko anavyokuambia. Asubuhi vidole vimevimba kwenye viungo kama tangawizi, hawezi hata kufunga vifungo vya gauni lake. Anangoja mpaka jua liingie barazani ndipo akae kwenye cherehani. Uzi namtungia mimi, kwa kisingizio kwamba macho yake yamechoka, naye anakipokea kisingizio hicho kwa sababu kina heshima kuliko ukweli. Wiki iliyopita mkasi ulimponyoka akakata kitambaa cha bibi harusi mahali pasipokatwa. Hakulia. Alikikunja, akaingia ndani, akajilaza kitandani na viatu vyake miguuni.

Hospitali hataki. Anasema mtu akianza vidonge hamalizi, na marehemu baba yako ni shahidi. Nikamwambia, lakini Chiriku yuko dirisha la dawa kwenye hospitali kubwa, ana dawa nyuma yake mpaka darini. Akasema tumwache mtoto na kazi yake, yeye mwenyewe akishindwa kabisa utarudi umtunze. Hapo ndipo nikaona nikuandikie.

Huna cha kumsaidia? Kama shida ni jina, mimi naweza kumwambia ni vitamini ya mifupa. Vitamini haikatai, anaihesabu kama chakula.

Mjomba wako,
Kinyozi


23 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenifikia. Mimi mzima. Foleni ya dirishani kwangu inafika mlangoni kabla sijavaa koti jeupe. Chumba nilichohamia kinatazama ukuta wa jirani, lakini ni changu na kina mlango unaofungika. Pole kwa paa, na hongera kwa kuliziba.

Ndani ya kifurushi kuna kichupa cha vidonge vidogo vyeupe. Vinaitwa deksa. Mpe viwili asubuhi akishakula. Vinatuliza uvimbe haraka sana. Havitibu ugonjwa wenyewe, vinaunyamazisha tu, kwa hiyo ni vya muda mfupi, mpaka umfikishe kwa daktari apimwe na kupewa dawa yake. Naomba umfikishe.

Mwambie ni vitamini, kama ulivyosema. Nimevihamishia kwenye kichupa kisicho na maandishi. Usimwambie nimetuma mimi. Akijua ataniuliza, nami simwezi mama akiniuliza.

Kuhusu kurudi, likizo yangu bado haijapangwa.

Chiriku


21 Machi

Chiriku wangu,

Kaa chini kwanza. Mwalimu hajambo. Binti wa jirani amejifungua mapacha, mmoja analia na mwingine anasikiliza, yule wa pili nimempa jina lako.

Mama yako amefufuka. Sina neno jingine. Hata hazijapita siku nyingi tangu aanze zile vitamini zetu, niliamka nikasikia mashine inakimbia barazani kabla sijapiga mswaki. Nilidhani ni mwizi anayejua kushona. Vidole vimenyooka, vifungo anafunga mwenyewe, anakula kunizidi, anacheka na wateja wake mpaka wangu wananyanyuka na povu mashavuni kwenda kusikiliza. Yule bibi harusi amevaa. Pale mkasi ulipoponyoka pamegeuzwa kuwa mkunjo, na wanawake wanauliza huo ni mtindo wa wapi. Usoni amejaa, mashavu mviringo kama sahani, wenzake wanasema amerudi usichanani. Usingizi wake ni mwembamba, lakini hilo nalo anasema ni faida, anapanga mishono kichwani.

Kwa daktari tutakwenda. Ila mtu akiwa hivi, nimburute kwa daktari nikamshtaki kwa lipi? Kwamba anacheka? Kichupa kimefika chini. Ukipata nafasi tuma kingine, kiwe kikubwa kidogo.

Jana aliniuliza vitamini hizo nanunua duka gani, awaelekeze wenzake. Nikasema duka limefungwa. Uongo wa kwanza ndio mgumu, wa pili unajifuata wenyewe.

Mjomba wako,
Kinyozi


14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimechelewa, unisamehe. Tulikuwa tunapanga upya stoo ya dawa. Wape hongera majirani kwa mapacha.

Nimefurahi kwamba mama anashona. Nimefurahi sana.

Kichupa hiki ni kikubwa. Daktari bado namtaka. Na siku ya kuacha isiwe ghafla, nitakuandikia namna ya kupunguza kidogo kidogo.

Umenitajia uso wake. Nitakuandikia kuhusu hilo pia.

Likizo imesogezwa mpaka mwisho wa mwaka. Mwambie wewe, tafadhali.

Chiriku


30 Mei

Mpwa wangu,

Hatujambo. Kinyozi mpya amefungua ng'ambo ya barabara, ana kiti kinachozunguka. Changu nacho kinazunguka, ila ni kwa sababu mguu mmoja ni mfupi. Mwalimu ameapa hatanihama. Uliahidi kuniandikia kuhusu uso wa mama yako, nikangoja, kisha nikaona labda halikuwa neno.

Yeye mzima. Kuna jambo dogo tu. Majuzi sindano ya mashine ilimpitia kidole cha shahada, mkono wa kulia, ikaingia kando ya kucha ikatokea upande wa pili. Mimi ndiye niliyezungusha gurudumu la mashine kuitoa. Nikajua kidole hicho kitavimba kama ndizi. Mimi mwenyewe mwiba tu uliwahi kunilaza. Kila asubuhi nikawa nakikagua. Chiriku, hakikuvimba. Hakikuwa chekundu, hakikuwa na moto, hakikutoa hata tone la usaha. Kitundu kimekaa pale wazi, kikavu, kama hakijui kilichokipata. Nikajisemea kumbe hizi vitamini ni kinga pia.

Anaendelea na kazi. Anasema kidole kina ganzi, na akikisogeza puani kinanuka kidogo, ila hakimuumi. Jana alisikia baridi akavaa sweta juani. Ni hewa tu, imebadilika.

Mjomba wako,
Kinyozi


8 Juni

Mjomba,

Leo salamu zikae pembeni. Mpeleke mama hospitali siku hiyo hiyo unaposoma hapa, hata ukimkuta anacheka. Kidole kilichotobolewa na sindano kisipovimba, hakijapona, kimenyamazishwa. Mwambie daktari kwamba anameza deksa, mwonyeshe kichupa, mwambie tangu lini. Usimwachishe ghafla, mwili wake umeshavizoea na utaanguka. Na usiseme ni vitamini. Tafadhali, mbele ya daktari usiseme ni vitamini.

Nimempa barua hii dereva wa basi ili iwahi.

Chiriku


25 Juni

Mpwa,

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi ya wanawake, barua iko juu ya goti. Mama yako anakusalimu. Amesema hivyo mwenyewe asubuhi, sikubuni.

Kwa simu ya muuguzi nilikuambia machache kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza. Sasa nikueleze yote. Nilikuwa namnyoa mteja nikasikia mashine imesimama katikati ya mshono. Fundi hasimami katikati ya mshono. Nilitoka na wembe mkononi. Alikuwa ameinamia kitambaa, anatetemeka mwili mzima, akaniita kwa jina la baba yetu. Yule mteja alinisaidia kumbeba mpaka kwenye gari, kichwa chake kimenyolewa upande mmoja.

Daktari ni kijana mpole. Aliniuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Nikasema hakuna. Akamtazama mashavu, akatazama mikono yenye madoa ya zambarau ambayo mimi nilidhani ni ya kujigonga mezani, akaniuliza tena. Nikasema vitamini. Niliona kabisa kwamba haniamini, na bado nikashikilia hapo hapo, kwa sababu dada yangu alikuwa amelala kati yetu, macho wazi.

Kesho yake nilirudi nyumbani kuchukua shuka, nikakuta barua yako imesukumwa chini ya mlango. Niliisoma nimesimama. Kila ulichonikataza nilikuwa nimeshakifanya. Ndipo nikachukua kichupa nikampelekea daktari. Alikishika, akakigeuza kutafuta maandishi.

Wamemkata vidole viwili, cha shahada na cha kati, na kipande cha kiganja. Mkono wa kulia. Walipopasua hawakukuta usaha. Walikuta nyama imekufa kimya kimya mpaka kiganjani.

Daktari alinionyesha karatasi ya kipimo cha damu. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi, zimejaa tele kwenye mishipa. Lakini nyama ya kidole walipoichunguza, karibu hazikuwemo. Nilimuuliza zilikuwa zinangoja nini. Akaitwa kwa mgonjwa mwingine, nikabaki na swali langu. Wewe umesoma. Zinatokaje kwenye damu, na kwa nini zake hazikutoka? Nataka nijue nilichomfanyia, kwa maneno ninayoyaelewa.

Kuna jambo jingine. Mama yako anasema ulimpigia simu siku mbili kabla ya kuanguka. Ukauliza kidole, ukaniulizia mimi, nilikuwa sokoni, ukasema basi. Anasema sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliyebeba ndoo imejaa pomoni. Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba ameniambia.

Na kwenye ile simu ya muuguzi ulisema unakuja. Nilimwambia. Mlango wa wodi hii ukifunguka, anageuza shingo.

Mjomba


12 Julai

Shikamoo Mjomba,

Sina habari za familia za kukupa. Familia ni nyinyi wawili.

Swali lako nitalijibu, kwa sababu ndilo ninaloliweza. Nyama ikiumia, inatoa kemikali. Kemikali hizo zinafika kwenye mishipa midogo ya karibu, na ukuta wa mshipa, upande wa ndani, unaanza kunata. Chembe nyeupe kwa kawaida zinasukumwa na damu kwa kasi. Zikifika hapo zinasogea kando na kugusa ukuta. Zinanata, zinaachia, zinanata tena, zinabiringika taratibu ukutani. Halafu zinashika kweli na kusimama, damu nyingine ikizipita kwa nguvu. Chembe iliyosimama inajilaza bapa, inatambaa mpaka kwenye mshono ulio kati ya seli mbili za ukuta, na hapo inajipenyeza. Haitoboi. Mshono unaachana kidogo, inapita imejiminya kuliko unene wake, na mshono unajifunga nyuma yake. Ikishatoka nje inatambaa kuwafuata wadudu, inawafikia, inawameza. Wekundu, joto na uvimbe, yote yale ambayo mtu anaombea yaondoke, yanatokea kwa sababu mishipa ya hapo imefunguka na chembe zinatoka. Usaha ni zile zilizofia kazini.

Deksa inauzuia ukuta usinate. Chembe zinapita pale pale penye jeraha, nyingi kuliko kawaida kwa sababu zimebaki zote ndani, na hazina pa kushika. Zinapita tu. Na ndiyo hiyo hiyo iliyomnyoosha vidole. Kwenye viungo vyake zilikuwa zinatoka bila sababu na kumuumiza, dawa ikazizuia. Ilizizuia kila mahali. Haichagui.

Nilifundishwa haya yote. Niliyachora kwenye mtihani kwa kalamu za rangi. Uliponiandikia kwamba mashavu yake yamekuwa mviringo, nilijua ni dawa, na nilijua imeshazidi. Nikakuahidi kukuandikia, halafu kila jioni nikapata kazi nyingine ya kufanya.

Na simu, ndiyo, nilipiga. Barua yako ya kidole ilinikuta kazini, nikapiga hapo hapo. Alipokea akicheka. Ilitakiwa sentensi moja: mama, zile si vitamini, nenda hospitali sasa. Nikaona nikiisema hiyo atanidai na inayofuata. Nikasema basi, nikaweka simu, nikakaa kukuandikia wewe. Nilimkimbiza dereva wa basi na barua, Mjomba, na simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilitaka kuja. Nilifika stendi na begi, nikakata tiketi, nikakaa kwenye benchi. Basi liliondoka nalitazama.

Juzi alinipigia kuniomba radhi. Alisema ni uzembe wake, angekiosha kidole kwa maji ya chumvi yasingetokea haya, sasa ametuletea mzigo. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Usijali, mama."

Chiriku


6 Agosti

Chiriku,

Tumerudi nyumbani. Mwalimu alikuja kumtazama na machungwa, akasahau kunyolewa. Mapacha wameanza kujigeuza.

Asante kwa jibu. Nimelisoma mara nyingi. Sasa nimeelewa, na ni afadhali kuliko kutoelewa, ingawa si kwa mbali.

Mama yako amefunika mashine kwa shuka. Wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, naye anamwomba kila mmoja radhi. Mimi ananiomba radhi nikimkatia nyama kwenye sahani. Jana kifungo kilimshinda akaniomba radhi mimi, kisha akakiomba radhi na kifungo. Tulicheka. Halafu nikatoka nje nikafagia nywele ambazo hazikuwepo.

Mtu kukuomba msamaha kwa kosa ulilolifanya wewe, Chiriku, ni adhabu ambayo sikuwahi kuisikia.

Nikupe na yangu, usijione uko peke yako. Ningeweza kumfikisha kwa daktari. Asingenishinda, mimi ni kaka yake na nimeshawahi kumburuta kwa mengine. Sikumfikisha kwa sababu nyumba ilikuwa inacheka. Na kwa sababu kabla ya vile vidonge nilikuwa nikimtazama anavyoshindwa na sahani nawaza, siku akishindwa kuoga ataogeshwa na nani. Nilijua ni mimi. Niliogopa.

Ni lazima aambiwe. Wewe ndiye mwanawe, mimi ndiye niliyekuwa namwekea kiganjani kila asubuhi. Nani amwambie? Niandikie unavyoona, nami nitafuata.

Mjomba wako


17 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu. Hukujibu. Nimeangalia sanduku la posta mpaka karani ananitania kwamba nina mchumba.

Nimemwambia mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, nimefunga duka. Nilikuwa nampaka mafuta kwenye kovu kama walivyotuelekeza, akaanza tena: kaka, nisamehe, nakuchosha. Nikasema mwenye kuomba msamaha ni mimi. Nikamweleza tangu mwanzo, kichupa cha kwanza na cha pili, na kwa nini kidole hakikuvimba. Nilitumia maneno yako, yale ya mshono. Aliusikiliza mkono wake badala ya kunisikiliza mimi, hivyo ndivyo ilivyoonekana.

Kisha akasema, "Mngeniuliza, ningevimeza."

Sikuelewa. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi mahali pa kukata. Ningemwambia hivi vidonge vitakunyoosha mikono lakini vinaweza kukuua, angesema lete. Alikuwa hawezi kushika mkasi, angesema lete kwa mikono miwili. Ila angejua anachokimeza. Kidole kisipovimba, angejua kwa nini hakivimbi, na angetembea mwenyewe kwa miguu yake mpaka hospitali siku ile ile. "Hicho tu ndicho mlichoninyima," akasema, "na mlikuwa nacho bure."

Halafu akauliza, "Na Chiriku?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilipanga kusema nilivinunua mwenyewe sokoni kwa mtu asiyejulikana. Kaka ni wa nini? Lakini mdomo ulikataa. Nikanyamaza, na kinyozi akinyamaza kila mtu anajua kuna jambo.

Tangu siku hiyo hajasema nami zaidi ya kuitikia salamu. Chakula namkatia, anakula, anasukuma sahani. Lakini nikuambie hili: tangu siku hiyo hajamwomba mtu yeyote radhi. Hata mimi. Hata kifungo.

Kuhusu wewe, leo asubuhi amenipa ujumbe, na ndiyo sentensi yake ndefu ya wiki. "Mwambie asiniandikie. Aje."

Mjomba wako,
Kinyozi


20 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama, kazini wamenipokea na foleni. Asante kwa kunisindikiza stendi bila kuuliza. Nilikuona kupitia dirisha siku ile, umekaa nje unanoa wembe mmoja mchana kutwa. Una haki ya kujua kilichosemwa ndani.

Nilimwambia yote, nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Nilimwambia na kuhusu simu. Nilidhani simu ndiyo itakayomuuma zaidi, lakini aliipita. Aliniuliza jambo jingine.

"Mikono yangu iliponyooka, ulifurahi kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mimi sikuwahi kujiuliza kwa sauti. Nikasema, "Kwa ajili yangu. Ukiwa unashona, sikuwa na haja ya kurudi."

Akasema hilo alilijua kabla ya vidonge. Alilijua tangu niliponunua kufuli ya chumba kile cha huku na kumsimulia kwa furaha jinsi inavyofunga. Alisema ningemwambia tu kwamba sitaki kurudi, angenuna wiki moja, kisha angetafuta msichana wa kumlipa amsaidie. Hajafa mtu kwa kununiwa, alisema.

Kisha akaniambia nisije nikadhani kwamba amenisamehe kwa sababu tumeongea. Nikasema sidhani. Akasema hata wewe, Mjomba, bado hajakusamehe, ila una nafuu kwa sababu ulijipeleka mwenyewe kumwambia.

Nilikuwa nimeshashika kitasa nitoke, akaniita. Alisema nywele zake zimekuwa kiota, na kaka yake ni kinyozi, anachojua ni kuondoa tu. Nizichane. Akajiteremsha kutoka kitandani, akanipisha nikae pale, yeye akakaa chini kwenye mkeka, kati ya magoti yangu, pale ambapo mimi ndiye niliyekuwa nakaa. Mjomba, sikuwahi kumchana mama nywele. Ni nyepesi sasa, ile dawa imezipunguza, na ngozi ya kichwa inaonekana. Mkono wake wa kulia ulikuwa unainuka kunionyesha mahali palipofungamana, unafika nusu ya njia, unakumbuka, unarudi mapajani. Mara ya tatu alitumia wa kushoto. Nilivuta vibaya akasema taratibu. Nilimchana mpaka mikono yangu ikauma, hakuniambia inatosha, nami sikuuliza.

Nimeomba uhamisho, nije hospitali ya huko. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Huna haja ya kumficha mama, yeye ndiye niliyemwambia kwanza. Hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Alisema chumba changu kimejaa vitambaa vya watu, nikija nitavitoa mwenyewe.

Chiriku